Hadia, Msomaji Asiyeshona

Hadia binti Mahmud hakujua kushona. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Amu wakimsifu mtu huzificha aibu zake chini ya jamvi, na mimi sina jamvi. Nimekaa naye chumba kimoja miaka mingi. Nimemwona akijaribu kutunga uzi kwenye sindano tangu tulipotoka kusali adhuhuri mpaka tukawa twasikia kikohozi cha muadhini wa alasiri, na uzi haukuingia. Vidole vyake vilikuwa virefu, vizuri, vya kutazamwa, na havikuwa na kazi duniani ila kufunua karatasi.

Lakini mpe chuo, kitabu cha hadithi, asome! Akifungua kinywa, hata paka wa Bi Tima aliacha kujilamba. Akisoma maneno ya mfalme, ulimwona mfalme. Akisoma maneno ya kijakazi mwongo, ulitaka kumfinya. Nyumba za mtaa wetu wa Mkomani zilikuwa na wanawake wengi waliojua kusoma, wengine walisoma kwa haraka kuliko yeye, lakini ukitoka kuwasikiliza ulikuwa umesikia herufi tu.

Miaka ile, kabla ya vita vya Wazungu, sisi wanawake wa Mkomani tulikuwa tumeshaanza kula kwa jasho la mikono yetu, ingawa hatukupenda isemwe. Watumwa walikuwa wameachiwa huru, mashamba ya bara yamerudi kuwa mwitu, na nyumba nyingi kubwa zilibaki na nakshi ukutani na vyungu vitupu jikoni. Basi tukashona kofia. Kofia za vito, zile zenye vijitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka maua yatokee. Tulishona ndani, mlango umefungwa, na Husseini, kakake Hadia, akaziuza dukani kwake Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kana kwamba ameziokota pwani.

Tulikuwa wanne nyumbani kwa Bi Tima. Wa kwanza Bi Tima mwenyewe, mwanamke wa makamo, mnene, mkarimu, mwepesi wa machozi. Wa pili Mwanamkisi, mtoto wa nduguye, aliyeolewa mwaka ule na bado akiinama akitajiwa mume. Wa tatu mimi, Saadiya, ambaye mkono wangu ndio uliokuwa bora kuliko yote. Sijisifu, uliza mtu yeyote. Wa nne Hadia, msomaji wetu.

Kofia moja huchukua miezi, na kazi ile bila hadithi ni kifungo. Kwa hiyo tulikuwa na mpango wetu. Msomaji hashiki sindano, maana mikono yake ina chuo. Badala yake sisi watatu tulimshonea kofia yake kwa zamu, leo safu yangu, kesho ya Mwanamkisi, keshokutwa ya Bi Tima. Tukiiita kofia ya msomaji. Nje, dukani, ilikuwa kofia ya Hadia, na hakuna aliyeulizwa zaidi.

Mpango ule ulimfaa Hadia kuliko alivyopenda kukubali. Alikuwa ameolewa akiwa kijana na mtu mmoja aitwaye Madi, mtu wa heshima zake, na ndoa ile iliuliwa na sindano. Siku moja Madi alimpa kanzu amshonee kifungo. Hadia alishona kwa bidii, ulimi nje, na alipomaliza kifungo kilikuwa kimeshika barabara. Ila alikuwa ameishona kanzu pamoja na shuka la kitanda. Madi alikuwa anachelewa sala ya Ijumaa. Akavuta, shuka likaja, mto ukaja. Alimwacha mwezi ule ule, akasema mbele ya watu kwamba alitaka mke, akapewa kasuku. Neno hilo lilimkaa Hadia. Alikuwa akilicheka tukilicheka sisi, lakini mimi nilikuwa nikimtazama, na nilijua pale alipokuwa akicheka kwa meno tu.

Basi, mwaka huo ninaouhadithia, hadithi zilituishia. Tulikuwa tumesoma vyuo vyote vya nyumba ya Bi Tima, na vya nyumba ya pili tunayovuka kwa wikio juu ya kichochoro bila kugusa barabara, na vya nyumba ya tatu. Siku tulipofunga cha mwisho, Hadia alikiweka mapajani akatukazia macho.

"Haya, nambiani," akasema. "Kula mmoja wenu anambie hadithi aliyoisikia isimtoke moyoni. Niitafute hiyo."

Bi Tima alikuwa na yake tayari. Ilikuwa ya mama mwenye wana saba waliozama mmoja baada ya mmoja, na yule wa saba alikuwa ndiyo kwanza amejifunza kusema mama. "Nililia, Hadia! Sikuweza kula. Nzuri mno!"

"Bi Tima, hiyo si hadithi, hiyo ni matanga," Hadia akasema.

Mwanamkisi akasema bibi yake alikuwa akimhadithia habari za jini aliyempenda mpishi wa kasri, akawa kila usiku anakuja kuosha masufuria. Tulipenda. Tukamuuliza mwisho wake nini. "Siyui," akasema. "Bibi alikuwa akilala kabla ya kufika."

Mimi nikapendekeza ile ya mwanamke aliyempeleka mama mkwe wake kwa kadhi, akashinda.

"Saadiya, hiyo nimekusomea mara tatu," Hadia akasema, "na kula mara nikimaliza wanitazama kana kwamba kesi umeshinda wewe."

Basi akaanza kuuliza watu. Sijapata kumwona mtu akiuliza namna ile. Aliuliza harusini, akawazuia wapishi na pilau mikononi. Alimtuma Husseini awaulize wateja, na Husseini akarudi na hadithi mbili za kuchekesha ambazo hazikuwa za kusimuliwa mbele ya wanawake. Aliuliza hata matangani. Mimi nikimvuta nguo, yeye anamwinamia mfiwa, na mfiwa yule, Mungu amrehemu, akafuta machozi, akafikiri kidogo, akamtajia moja. Ikawa tumeshaisoma.

Aliyetuokoa alikuwa Bi Shifaa wa Pate. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye uso usioonyesha kitu, aliyekuja na tumbaku kila mashua ya kwao ilipopata maji ya kupita mkondo wa Mkanda. Bi Tima alikuwa mteja wake, ingawa mbele za watu alidai tumbaku ni ya kutuliza jino. Siku hiyo Bi Shifaa anafungua mtumba wake wa tumbaku, Hadia hata salamu hajaimaliza.

"Bi Shifaa, huko Pate hakuna hadithi ya kusahaulisha mtu chakula?"

Bi Shifaa alipima tumbaku yake kwanza. Kisha akasema: "Iko moja. Kwa ndugu yangu Famau. Habari za Mwana Zainu na sultani aliyekataza watu kucheka. Mtu akicheka katika nti ile hutiwa kisimani. Huyo Zainu akaolewa na sultani, akaapa atamchekesha."

"Na akacheka?"

"Mimi nauza tumbaku," Bi Shifaa akasema.

Kwa hiyo chuo kikaombwa. Famau akajibu kwamba chuo kizima hakitoki Pate, kwa kuwa vyuo vikivuka maji kwenda Amu husahau njia ya kurudi. Hapo alisema kweli. Lakini kilikuwa kimekatika mafungu saba, na yeye atakopesha fungu moja moja: likirudi moja, latoka la pili. Bi Shifaa atakuwa akichukua na kurejesha.

Jamani, hadithi ile! Zainu alianza kwa kuvaa nguo za sultani, sultani hakucheka. Akamfundisha kasuku kukohoa kama waziri, hakucheka. Sisi ndio tuliokuwa tukicheka, mpaka Bi Tima alijidunga sindano mara mbili. Na kila fungu lilikatika pale pale ambapo usingizi usingekuja. Hadia alisema mtu aliyekata mafungu yale alijua anachokifanya. Aliposema hivyo alitabasamu peke yake, na mimi nikaweka akilini.

Sasa, kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea sahani ya kitu, sahani hairudi ila na kitu. Hadia akaona chuo nacho ni chombo. Fungu la kwanza likarudi Pate na kaimati. La pili likarudi na halwa. La tatu na la nne, vileja alivyopika Bi Tima, maana Hadia jikoni alikuwa vile vile kama kwenye sindano.

Fungu la tano lilikuja na jambo lililombadilisha Hadia. Karatasi moja katikati ilikuwa imeoza kwa unyevu, haisomeki. Bi Shifaa hakuondoka. Alikaa juu ya jamvi, akafumba macho, akaanza kutuhadithia yaliyokuwa kwenye karatasi ile, neno kwa neno, na uso wake kavu kama ubao. Alipomaliza akapangusa jasho.

"Famau amenisomesha," akasema. "Tangu yana, mara tatu pwani na mara nyingine mguu wangu ukiwa ushaingia mashuani. Ati msomaji wa Amu asije akakatikiwa njiani."

Tulicheka. Hadia hakucheka. Aliipapasa karatasi ile iliyooza kana kwamba ina homa. Jioni, tulipobaki wawili kwenye wikio, aliniambia: "Saadiya, mtu wa namna hiyo mimi sijamwona." Nikamjibu kwamba hata huyo hajamwona. Akasema anajua.

Fungu hilo la tano hakutaka lirudi na vileja. Kofia ya msomaji ilikuwa imekwisha siku zile, nyeupe, imekaa, maua yake ya kujibizana. Ilikuwa riziki yake ya miezi. Akaikunja pamoja na chuo akampa Bi Shifaa. Kila mtu ana haki ya kuutupa mkate wake baharini akipenda.

Mashua ya pili ilipokuja, Bi Shifaa alileta fungu la sita na habari. "Famau aliivaa ile kofia Ijumaa. Msikiti mzima walimtazama. Sasa amenituma niulize kama Hadia ana mume."

Mwanamkisi alipiga kigelegele kabla hajazibwa kinywa. Bi Tima akalia. Mimi nikamtazama Hadia: uso ulimng'aa, kisha ukamzimika. Bi Shifaa alipotoka kwenda kwa Husseini, aliye walii wake wa ndoa, Hadia alikaa chini kama mzigo.

"Ametaka mkono ulioshona kofia," akasema.

Kwetu sisi hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kofia aliyoitoa mwanamke kwa mkono wake ni sifa zake zote. Watu huitazama kofia ya mume wakajua mke. Mtu amepelekewa kofia, ameivaa, ameuliza habari za mwenye kofia. Ungeelewa nini wewe?

"Mwambie kweli," Mwanamkisi akasema. Alikuwa mdogo bado.

"Nilishaachwa mara moja kwa kweli," Hadia akamjibu. Kisha akajifunika uso kwa ncha ya leso yake. "Namtaka. Wallahi namtaka, na sijui hata ana ndevu au hana. Akijua nimemdanganya kwa kofia ataniacha kama Madi, na safari hii sitaweza kucheka."

Nikaona huu si wakati wa mashauri marefu. Nikakata neno. "Hatajua. Utaishi hapa Mkomani katika nyumba yako uliyopewa na baba yako, yeye ndiye atakayehamia. Kofia zake tutashona sisi, kama tulivyoshona zote. Mpaka mmoja wetu afe."

"Na akitaka kifungo?" Hadia akauliza.

"Kifungo utakipitisha kwenye wikio usiku, asubuhi kitarudi kimeshonwa," nikamjibu. Bi Tima akaapa kuwa ataficha. Tukala njama, na nakiri tuliifurahia njama ile kuliko hadithi.

Husseini alikubali posa kwa upande wake, lakini kama ilivyo ada, wanawake wa mume walikuwa na haki ya kuja kumtazama mke kabla ya neno la mwisho. Wanawake wa Famau walikuwa Bi Shifaa peke yake. Alikuja na fungu la saba, la mwisho, amelishika kwa mikono miwili. "Nitakaa nanyi mtana," akasema. "Shonani kama mshonavyo. Na fungu lisomwe yeo, kwa sababu mashua yarudi kesho, na chuo chake akitaka kizima."

Hapo ndipo mpango wetu ulipofunua makalio yake. Hadia alipaswa kuonekana akishona. Basi nani asome? Bi Tima herufi alizisahau tangu alipozaa. Mwanamkisi alikuwa na juzuu yake moja ya kusalia. Macho yakanigeukia mimi.

Nimesema mkono wangu ulikuwa bora. Kuhusu kusoma sikusema kitu, nanyi mlipaswa kujiuliza kwa nini.

Nikatwaa chuo. Hadia akatwaa kofia yangu niliyokuwa nimeifikisha nusu, ua zuri kuliko yote niliyopata kushona, na sindano ambayo Mwanamkisi alikuwa amemtungia uzi kwa siri. Bi Shifaa akaketi mkabala nasi, mgongo ukutani, miguu ameikunja, uso ubao ule ule.

Nikaanza. Nilikuwa nikisoma kama nilivyosoma utotoni chuoni kwa mwalimu, herufi inaita herufi, mpaka neno lifike mwanzo wake umeshasahaulika. "Su-l-ta-ni... aka-a-mka... u-si-ku..." Fungu la mwisho lilikuwa hivi, na baadaye ndipo nilipolielewa: Zainu amekata tamaa, amelala. Sultani yuko peke yake barazani. Anakumbuka yule kasuku akikohoa, na kicheko kinamtoka, kikubwa, cha miaka yote aliyokizuia, na askari wamesikia. Mimi nilifika kwenye kicheko nikakisoma "ha", nikapumua, nikakitafuta kingine kwa kidole, nikasema "ha". Paka akatoka chumbani.

Hadia alikuwa ameinama juu ya kofia. Jasho lilimtoka. Alikuwa akidunga hovyo, na ua langu, ee ua langu, lilikuwa limeanza kuota ndevu. Kila nilipokwama alifungua midomo na kuifunga. Nikaruka mstari, sikujua kama nimeruka. Nikasema, "Na a-skari... waka... mla."

"Wakamlaki!" Hadia akasema kwa sauti.

"Wakamlaki," nikasema. "Ki-si-ma-ni..."

"Siyo kisimani! Bado! Umeruka, Saadiya, umemtia kisimani na hajamaliza kucheka!" Akasimama. Damu ilikuwa ikimtoka kidoleni, imeingia kwenye kofia. Aliitazama kofia, akamtazama Bi Shifaa. Kisha akaiweka kofia chini polepole, akaja, akakichukua chuo mikononi mwangu.

"Bi Shifaa, niwie radhi," akasema. "Mimi sijui kushona. Ile kofia walishona hawa. Sijashona kitu maishani mwangu ila kanzu na shuka. Lakini siwezi kukaa hapa nikimsikia mtu huyu akiuliwa namna hii."

Akaketi, akarudi mwanzo, akasoma. Alisoma akilia kidogo mwanzoni, kisha akasahau kulia. Kicheko cha sultani kilipotoka kinywani mwake kilijaa chumba. Askari wakaja, wakasimama mlangoni hawajui la kufanya, kwani sheria ni sheria, na aliyecheka ndiye aliyeitunga. Sultani akasema, nipelekeni kisimani. Akatelemshwa kwa kamba. Na asubuhi watu walipochungulia, walimkuta Zainu amekaa huko chini pamoja naye, wote wawili wanacheka, na maji yanawafika magotini. Hapo ndipo chuo kilipokwisha. Mwanamkisi alikuwa ameegemea bega langu. Bi Tima tusimtaje.

Bi Shifaa aliinuka. Alikusanya fungu, akalifunga kwenye kitambaa chake. "Nimeona," akasema, akavaa buibui lake, akatoka. Hakuonja hata kahawa.

Siku zilizofuata sitaki kuzirefusha. Hadia alikuja nyumbani kwa Bi Tima kila mchana, akakaa, mikono mapajani. Hakuna chuo, hakuna mtu aliyeomba. Nililifumua ndevu ua langu, nikashona upya, damu haikutoka. Nilitaka kumgombeza nikashindwa. Nilimwambia tu kwamba alisoma vizuri siku ile kuliko siku zote, akasema, "Najua," na hilo ndilo lililoniuma.

Mashua ya Pate ilipokuja tena, Bi Shifaa alipanda ngazi polepole, akaketi pale pale alipoketi mara ya kwanza, akafungua mtumba na kuanza kumpimia Bi Tima tumbaku. Nilikaribia kumrukia.

"Bi Shifaa," nikasema, "una neno au huna?"

"Ninalo." Akaifunga tumbaku kwanza. "Famau asema kofia ile alijua tangu siku ya kwanza ni ya mikono mitatu. Mkono mmoja mwepesi, wa kijana. Mmoja umelilia uzi. Na mmoja wavuta uzi mno."

Sikumuuliza ni upi. Mpaka leo sikubali.

"Amejuaje?" Mwanamkisi akauliza.

"Kwani yeye ni nini? Tumbaku ikishavunwa, mtu wa Pate afanyeje mwaka mzima? Famau ashona kofia tangu hajaota ndevu."

Tulitazamana. Tulikuwa tumempelekea mvuvi samaki.

"Basi alitaka nini?" nikasema. "Amevaa kofia, akaulizia mke!"

"Kofia aliivaa kwa sababu imetoka kwa msomaji. Ya mke ni mengine." Na hapo, kwa mara ya kwanza, uso ule mkavu ukalegea. "Nyinyi mwajua taabu yangu? Kula mara nikirudi Pate hanipi hata maji. Alisomaje hapa? Alicheka wapi? Alinyamaza wapi? Nikamwambia alivyosoma kicheko cha sultani, akanitaka nirudie mara nne. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akimsomea, na tangu afe chuo kimelala sandukuni, kwani mikono ya Famau ina sindano. Niliporudi safari hii nikamwambia kweli yote: hashoni, hajui, amejitoboa kidole, ameacha kofia akakamata chuo. Akacheka mpaka akaegemea nguzo. Akasema, wenye kofia ni watatu, na msomaji wa nne, sheria yaniruhusu, lakini tumbaku yangu haitoshi kuwalisha wote. Basi wale watatu nitawashukuru. Mimi nipe huyo asiyeshona."

Hadia alikuwa ameketi wima, mikono imeshikana, nami nikamwona anajizuia kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Nilidhani atalia, au ataanguka. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Bi Shifaa, ana zuo za hadithi zingapi?"

Bi Shifaa aliona haya. Ilikuwa ajabu kumwona akiona haya. "Kimoja," akasema. "Ni hicho hicho."

Nikajua tumekwisha. Huyu ni mwanamke aliyekula nyumba tatu za vyuo na kuwahoji wafiwa. Hadithi moja, aliyokwisha kuisoma mpaka mwisho, na mwanamume mmoja aliye nyuma yake. Bi Tima akaacha kutafuna. Hadia alitazama mikono yake, ile mizuri isiyofaa kitu, akaigeuza, kisha akainua uso, na alikuwa akicheka, si kwa meno tu.

"Mwambie aye Amu," akasema. "Hicho nitamsomea mpaka sultani akome kucheka kisimani. Na zingine tutawauliza watu."